Mbao za Sanduku

Wakati wa Zaire, tulipochagua mshauri wa kutusemea kwenye baraza la zone, katika kartie yetu, mtaa wa kando ya ziwa, walisimama wawili. Mmoja alikuwa mchuuzi wa samaki. Mwingine alikuwa mwalimu, jirani yangu, na ahadi yake ilikuwa moja tu: kudai bomba la maji, ili wake zetu waache kuchota ziwani.

Mke wangu aliharisha siku mbili kwa maji yale, akafa majuma mawili kabla ya kura. Mchuuzi alileta mbao za sanduku kwenye matanga, kabla hatujamzika, wala hakuniomba kitu. Lakini kwetu, aliyekupa mbao za kuzikia humgeuzii mgongo. Nilimpigia kura yeye, akashinda.

Kesho yake mwalimu alinikuta mlangoni.

“Papa, ulinipigia kura?”

“Hapana, Mwalimu. Nilimupa mwenye mbao.”

Alicheka, akaketi karibu yangu. “Kartie nzima wameniapia walinipigia, na kura zangu hazijazi hata kofia. Wewe peke yako njo umesema kweli.”

“Pole, Mwalimu.”

“Pole ni yako, Papa.”

Sikuweza kumtazama. Bila zile mbao ningemzika mke wangu katika mkeka. Na bila bomba, kesho tungezika mwingine.

Jioni binti yangu alichukua ndoo ya mama yake. Nilimwambia aiache, nikateremka ziwani mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakichota walisogea wakanipa nafasi.