Mguu wa Chini ya Mteremko

Mwalimu wa michezo simkumbuki kwa wema, na yeye nadhani hivyo hivyo. Alitoka ziwani, akaja kufundisha huku Mbinga miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia na magari yao, wakigawa fulana na kudhamini mbio ili tuwauzie wao. Alimwona kitindamimba wangu akipanda kutoka mtoni na ndoo, akamfuata hadi nyumbani.

"Shikamoo mama. Huyu binti ana mapafu."

"Marahaba. Wewe huna?"

Hakucheka. Akasema mwaka huo kuna mbio ndefu nne: Kigonsera, Mbinga mjini, Songea, na ya mwisho Mbamba Bay baada ya Pasaka. Atakayemaliza zote atachukuliwa kambini Songea, na kambini kuna ajira. Ikikosekana moja, basi. Binti alikuwa na miaka mitatu tangu amalize darasa la saba, hana pa kwenda zaidi ya jembe langu. Nikasema sawa, lakini akiwa kilema nitakuja kumlaza mlangoni kwako.

Viatu tulipata kwenye mitumba. Ugomvi tukaupata wiki ya kwanza. Mwalimu alimkimbiza binti mlimani kupanda na kushuka, kila siku. Nikamfuata uwanjani, mbele ya wanafunzi wake.

"Mtu wa mchanga wa ziwani wewe, unajua nini cha mlima? Kushuka ndiko kunakula magoti. Sisi tunashuka na debe la kahawa kichwani, polepole, kwa kukata kona."

"Mama, mimi nimesomea."

"Na magoti yake yamesomea?"

Alinuna, lakini tangu hapo binti alipanda mbio, akashuka kwa kutembea. Umbali uliongezwa kidogo kidogo, na kila wiki siku mbili za kupumzika. Kigonsera akamaliza. Mbinga akamaliza. Songea akawa wa nne, akarudi hana hata lengelenge. Nikamwambia mwalimu hiyo ni kazi yangu.

Ukafika msimu wa ngoro, mashimo yetu ya kulimia. Kwetu Wamatengo mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia kwa udongo, shimo baada ya shimo, ubavu mzima wa mlima. Mwanamke asiyechimba ngoro huku anasemwa. Nami niliona zile siku za kupumzika zinapotea bure. Miguu ndiyo iliyokimbia, mikono haijakimbia. Nikampa jembe.

Wiki ya tatu akaanza kuchechemea, mguu wa kushoto, kuanzia nyonga hadi nyuma ya goti. Nikamburuta hadi kwa mwalimu.

"Umeshamvunja. Furahi."

Mwalimu alimpeleka binti kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake, akampa fimbo. "Simama kama unavyolima." Binti akasimama: mguu wa kulia juu umekunjwa, wa kushoto chini umenyooka, mwili wote umeulalia.

"Unasimama hivyo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mchana."

"Siku zipi?"

Binti akatazama chini. "Zile za kupumzika."

Mwalimu akanigeukia. "Mlima unaujua, mama. Kupumzika hukujui."

Ningempiga kofi, ila alisema kweli. Zilibaki wiki tano kufika Mbamba Bay.

Sikuomba radhi. Nilichukua jembe la binti nikalining'iniza ukutani, nikachimba ngoro zangu na zake. Jirani yangu alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya bonde:

"Wee dada! Binti yako ameolewa na viatu?"

"Ndiyo, na mahari nimeshakula! Chimba zako!"

Binti alikaa wiki mbili bila kukimbia, analia, namwambia alie akiwa amekaa. Kisha akatembea, kisha akakimbia kidogo, tambarare tu.

Mbamba Bay nilikwenda mwenyewe. Alimaliza wa kumi na moja, nyuma ya wasichana aliowashinda Songea, lakini alikuja akikanyaga sawa miguu yote miwili. Jina likaandikwa. Jumatatu akaondoka kwenda kambini.

"Mama, tumefanikiwa," mwalimu akasema.

"Wewe na nani?"

Ngoro za mwaka ule nilizimaliza peke yangu. Mpaka leo nikishuka shambani, mguu wangu wa kushoto unakataa, kuanzia nyonga hadi nyuma ya goti. Binti sijamwambia. Na yule mwalimu, hata angepiga magoti, asingesikia hilo kwangu.