Mfuko wa Kushoto

Fundi viatu hubana kiatu kwa magoti, akapigilia kwa mkono wa kulia; wa kushoto hautulii, kila mara unapanda kupapasa mfuko wa shati usio na kitu. Wateja humtania, "Fundi, umepoteza nini tena?" Naye hucheka, misumari imejaa mdomoni. Jeshini, katika mfuko huo kila askari aliweka risasi moja ya kujimaliza, maana kurudi nyumbani baada ya kutekwa ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Leo mjane wa rafiki yake wa kikosini kaleta kiatu kilichobanduka soli. "Shemeji, ni kweli mume wangu aliitumia ile ya mfukoni?" "Kweli, shemeji. Alikufa kiume." Hathubutu kumwambia kwamba walipozingirwa, rafiki yake alitaka wajisalimishe, na ni yeye fundi aliyemkaripia: "Mkeo atakuonaje?" Rafiki akatii. Fundi akaitupa risasi yake nyasini, akanyoosha mikono juu. "Si angerudi tu," mjane anasema, akijifuta macho. "Ningempokea na aibu yake yote." Fundi anainama, anaanza kupigilia upya soli aliyokwisha kuipigilia.