Swali la Mkojo Nililoona Haya Kumuuliza Mama Mkwe

Nimekosa mimi. Sikutumwa na mtu, sikulewa, sikulazimishwa. Niliona haya kuuliza swali moja tu, nikaandika jibu la kichwani mwangu, na mama wa watu akaishia kitandani. Jina langu sitalitaja. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Wakati huo nilikuwa Makambako, namsaidia mzee mmoja wa Kiislamu kuuza mitumba. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, malori yanashusha marobota, maduka yanafunguliwa kila kona, na kila kijana anaamini mwakani atakuwa mtu mkubwa. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kwa kuota ndoto nilikuwa profesa. Nilijiona siku moja nina ofisi yangu, watu wako kwenye benchi wananisubiri.

Ndipo ikaja habari kwamba kuna daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ametoka Dar es Salaam, anatafuta kijana wa kumsaidia kwenye utafiti. Awe anajua Kibena na Kiswahili, na mwandiko wake usomeke. Nikaenda, nikachukuliwa. Mzee wangu wa mitumba alicheka akaniambia, "Nenda, ila huko usiseme kila kitu ni gredi ya kwanza. Wale wanataka ukweli."

Nilivyokuwa na furaha! Kwenye robota nilipata koti jeupe, kifuani limeshonwa jina la bucha ya Ulaya. Nilikaa na wembe asubuhi nzima nafumua zile nyuzi. Nikalifua, nikalipiga pasi, nikalivaa. Nani angejua kwamba ni la muuza nyama?

Daktari alitufundisha, mimi na wasaidizi wengine, siku mbili pale Njombe, tumejikunyata kwa baridi. Alisema mwili una askari wake wa kupambana na magonjwa, lakini kwa watu wengine askari hao wanageuka, wanashambulia mishipa ya fahamu ya mwili wenyewe. Alitutolea mfano wa waya wa umeme uliotafunwa na panya. Umeme upo, ila haufiki taa inakotakiwa kuwaka. Mtu anapoteza jicho moja, baada ya miezi linarudi kidogo. Halafu miguu inakufa ganzi. Kwa Wazungu kuna ugonjwa wa namna hiyo unaitwa multiple sclerosis, jina nililolikariri mpaka nikawa nalitamka njiani peke yangu. Vitabu vinasema Waafrika hawaupati sana. Yeye alitaka kujua kama kweli hatuupati, au tunaupata, huo au magonjwa yanayofanana nao, tukaishia kusema tumerogwa.

Karatasi ya maswali ilikuwa ndefu. Daktari alilipigia mstari swali mojawapo kwa kalamu nyekundu. Lilihusu mkojo: unatoka wenyewe bila wewe kujua, au unataka kutoka unakataa? Alisema mgonjwa mwenye shida ya macho na miguu, akiwa na shida ya mkojo pia, hasubiri. Ina maana uti wa mgongo unashambuliwa sasa hivi. Huyo anapanda gari siku hiyo hiyo kwenda kulazwa na kuchomwa sindano za kutuliza vita hivyo. Wengine wanaweza kungoja.

Nilisikia vizuri kabisa. Naomba ulijue hilo.

Sasa huko Kitandililo nilikuwa na mchumba, nitamwita Sifa. Barua ya posa ilikuwa imepokelewa na wazee wamekubali. Mama yake mwaka uliotangulia jicho la kushoto lilimuuma likazima, baadaye likaanza kuona ukungu ukungu. Na mwezi huo alikuwa anaburuza miguu. Shambani haendi tena. Majirani wameshaanza kunong'ona.

Mimi ndiye niliyesema aletwe zahanati ya pale kijijini siku tutakayopita na daktari. Nilimhurumia, hilo ni kweli. Lakini na ukweli mwingine niuseme: nilitaka mama mkwe anione na koti langu nimekaa karibu na bingwa.

Akaja, kashikiliwa na Sifa. Nikasimama, nikainamisha macho, nikamwamkia kwa mbali, "Kamwene." Kwetu mama mkwe humkazii macho. Mkikutana njiani unapisha. Hamli pamoja, na mambo ya mwili hayatajwi baina yenu hata kwa mafumbo. Chumba cha pili kulikuwa na nesi, mama mtu mzima, Mbena kama sisi, anafunga watu vidonda. Ningemwita tu kwamba mama, njoo unisaidie, huyu ni mkwe wangu. Asingekataa. Lakini ningetoka nje, na Sifa yuko mlangoni ananitazama. Mkalimani mzima natolewa nje?

Sikumwita.

Maswali ya jicho tulikwenda vizuri. Ya miguu vizuri, alisema kuanzia kitovuni kwenda chini anahisi kama si mwili wake, na kifua kimebanwa kama amefungwa kamba. Niliona kwamba hakutaka kuketi kwenye benchi mpaka atandike kitenge alichokuja nacho kimekunjwa, ndipo akakalia. Nilikiona kile kitenge. Nikageuza macho.

Daktari akafika kwenye mstari mwekundu. Akaniambia kwa Kiswahili, "Muulize habari ya mkojo."

Jasho likanitoka, na ile baridi yote. Nikamgeukia mama, macho yangu kwenye sakafu, nikasema kwa Kibena, "Na kwingine, mama, salama?"

Akakinyoosha kitenge alichokalia. Akajibu, "Salama."

Nikaandika: Hapana.

Daktari akasita na kalamu yake. "Macho na miguu vinanitia wasiwasi. Kijana, umemuuliza vizuri?"

"Nimemuuliza, daktari. Mkojo hauna shida."

Basi ikawa ndiyo hivyo. Akaandikiwa vidonge vya vitamini na kuambiwa arudi baada ya miezi miwili, daktari akipita tena. Gari likaondoka na wagonjwa wawili waliotoka Igwachanya, nafasi moja nyuma ikiwa tupu. Sifa alinishukuru mpaka akalia. Na mimi mjinga nikamjibu usijali, hiyo ndiyo kazi yetu.

Wiki ya tatu mama hakuinuka. Miguu ilikataa kabisa. Tulidhani vidonge bado havijafanya kazi. Mchungaji alikuja kuomba, mjomba mmoja akaleta mganga, na mimi nikawa nawatia moyo watu kwa maneno ya kitaalamu niliyoyaokota Njombe. Ndani yangu kitu kilikuwa kinanila, lakini nilikiambia kinyamaze.

Daktari aliporudi, tulimbeba mama kwa kitanda cha kamba. Safari hii yule nesi ndiye aliyemhudumia, kwa sababu vidonda vya mgongoni vilikuwa vimeshachimbika. Nesi akamuuliza waziwazi, kina mama wenyewe kwa wenyewe. Akatoka kwenye pazia akamwambia daktari kwamba mkojo ulianza kumtoka siku nne kabla ya ile siku ya kwanza.

Daktari akaitafuta karatasi. Akaisoma. Akanigeuzia niuone mwandiko wangu, ule mzuri ulionipatia kazi.

"Ulimuuliza?"

Nikautazama ule mstari mwekundu.

"Sindano zinasaidia wakati mishipa bado inashambuliwa," alisema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Ikishaharibika, haziirudishi. Nitamchoma, lakini usiwaambie watu kwamba atatembea."

Kisha akachukua karatasi zote nilizowahi kujaza, za vijiji vyote, akazikata kwa mstari mmoja mmoja. Nikamsihi kwamba zile nyingine ni za kweli, naapa. Akaniuliza, "Nitajuaje?" Fikiria watu wale wote walivyotembea na maradhi yao kuja kutueleza, wengine wametoka Mawengi kule Ludewa, na maneno yao yakafutwa kwa sababu yangu!

Nilifukuzwa kazi. Hilo nililistahili, silihesabu.

Mama alilala miezi minane. Tulifunga ndoa ndogo pale pale uani ili aisikie. Siku moja Sifa yuko mtoni, nilibaki na mama, nikapiga magoti nje ya mlango wa chumba chake, kwa heshima, nikamweleza yote. Kwamba daktari aliuliza, na mimi sikufikisha.

Akaniambia, "Najua, baba. Kiswahili nakisikia."

Nikashindwa kuelewa.

"Nilimsikia anauliza mkojo. Nikangoja uniulize, nikasema moyoni, akiniuliza nitamwambia, hata kama ni mkwe. Ulipouliza salama, nikaona jinsi jasho linavyokutoka mbele ya mkubwa wako. Nikakusitiri." Akapumzika, pumzi ilikuwa imeshakuwa fupi. "Sifa usimwambie. Atabaki na nani?"

Alikufa kabla mahindi hayajaiva.

Sifa ni mke wangu mpaka leo. Anawasimulia wageni kwamba mumewe ndiye aliyemtafutia mama daktari bingwa, ila Mungu alimpenda zaidi. Akisimulia mimi hutoka nje nikajifanya naangalia kuku. Magazeti haya tunasoma wote, yeye ndiye anayenisomea kwa sauti jioni. Huenda na andiko hili akanisomea. Hata hivyo naliandika.

Wewe kijana uliyepewa kazi ya kuuliza wagonjwa, nakusihi. Ukiona swali limekushinda, toka nje. Mwite mwenzako, cheka ukichekwa, ondoka hata mbele ya mchumba wako. Usimjibie mgonjwa. Na wewe mama, na wewe baba uliyekaa kwenye benchi hospitalini, sema mkojo, sema choo, sema kila kinachokutoka na kinachokataa kutoka, hata kama anayeuliza ni mkweo. Usimsitiri. Heshima yangu ililindwa siku ile na watu wawili, mimi na yeye, na mmoja wetu ndiye aliyezikwa.