Mwisho wa Filamu Uko Wapi

Mama alinipa Ijumaa moja tu ya kumshawishi. Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huku kwetu, nilikuwa na usaili wizarani, kazi ya meza na kiyoyozi, na yeye alitaka niichukue niache kile alichokiita kumwandama maiti. Maiti mwenyewe ni mwanamke aliyetunga na kuongoza filamu bubu, zile za kabla filamu hazijatiwa sauti. Alianza kwa kuwaandikia wengine hadithi, mpaka siku moja akaishika kamera mwenyewe. Sauti ilipokuja, wenye studio wakamwambia zama zake zimekwisha, akaishia kushona mapazia. Mie nnampenda mno, basi. Nilikuwa naandika kitabu juu yake, na mlinzi wa maktaba kule Al Khoudh akiniona tu anacheka.

"Tuoneshe basi," mama akasema. "Tukichoka njiani, Jumapili unakwenda, utake usitake."

Baada ya sala ya alasiri nikatundika shuka ukutani, hapo kwetu Hail, niwaoneshe filamu yake moja. Dada wawili wa mama wakaja, mama mkubwa na mama mdogo, na kahawa na haluwa. Nilipanga kuwafasiria yale maandishi yanayotokea baina ya picha. Nilijidanganya. Wanawake wa kwetu hawawezi kutazama mtu akifungua mdomo bila sauti wakamwacha hivihivi.

Binti wa kwenye filamu alipomgeukia mchumba wake, mama mkubwa akamsemea: "Mie sikutaki, nishakwambia, unanuka samaki."

Mama mdogo akajibu kwa sauti nzito ya kiume: "Samaki mbichi wa Qurayyat huyu. Wewe umezoea wa barafu."

Kahawa ikanitoka puani. Nikajaribu kueleza kwamba hapo binti anamwomba radhi mchumba wake.

"Hebu nyamaza, tusikie," mama akanikemea, na kwenye shuka hakutoki sauti hata chembe.

Mpaka katikati, tajiri mwenye masharubu keshafanywa shemeji yao, yaani babangu, ambaye masikini ya Mungu alikuwa chumba cha pili anakula zake haluwa. Mbavu zikaniuma kwa kucheka. Mama peke yake ndiye hakucheka tena, na hilo likanitia khofu.

Binti akapanda juu ya paa la treni, mchumba yuko nyuma yake, mbele daraja limekatika. Mama akasimama. "Ruka, mwanangu," akamwambia. "Ruka tu."

Shuka likabaki jeupe.

Mama akanigeukia. "Enhe?"

"Ndiyo basi. Mkanda wa mwisho umepotea. Filamu zake nyingi ziliungua, na hii ilikutwa ghalani bila mwisho."

"Karuka, hakuruka?"

"Hakuna anayejua."

Mama mkubwa akasema huo ni uonevu. Mama hakukaa.

"Mtu kahangaika, katunga, na mwisho wake huenda uko mahali umelala," akasema, "na wewe umekaa hapa unakunywa kahawa?"

"Jumapili nna usaili, mama."

"Waambie huji. Kautafute."