Kivuli cha Gredi ya Pili

Mimi hushona makuti kwa mkono wa kushoto. Mkono huo ndio ulionitoa shuleni. Mwalimu aliuchapa kila nilipoushikia kalamu, siku moja kidole kikavimba, na baba akasema basi, mtoto arudi nyumbani ajue kazi. Nikaijua. Kuti la kuezekea ni majani ya mnazi yaliyokunjwa juu ya ufito, jani baada ya jani, kisha yakashonwa yasichomoke. Mishono ya wenzangu hulalia kulia, yangu hulalia kushoto. Changanya langu katika mia, nitaliokota.

Mjukuu wangu yuko gredi ya pili, katika shule ya serikali hapa Malindi. Mamake yuko Uarabuni, kazi za ndani, na mimi ndiye ninayemlea. Mtoto huyu ana ugonjwa wa damu, ule unaokamata mifupa. Daktari aliniambia mambo mawili, nami sikuyasahau: asikae na kiu, asikae juani. Shuleni nikampata juani. Wanafunzi walizidi vyumba, gredi ya pili ikatolewa nje, madawati yakapangwa kando ya ukuta wa ghala. Asubuhi kulikuwa na kivuli cha ukuta. Ikifika saa nne kivuli kimekwisha, na wao wapo hapo hapo mpaka saa saba. Muhula ule alilazwa mara mbili. Usiku alilia miguu, na mimi kazi yangu ni kukanda na kumnywesha maji.

Kwa hiyo mwenyekiti wa wazazi alipopita mitaani akitangaza kuwa shule inataka kivuli, kila mzazi alete makuti kumi na siku moja ya kazi, mimi nilishona ishirini.

Tulifika akina mama kama thelathini. Nguzo zilikuwa zimesimamishwa tayari, upande wa lango. Wanaume wachache walipanda juu, sisi tukawapa makuti na kuwafungia kamba. Kwa vile mimi ni mzee niliachiwa upenu, pale mtu anapofika akisimama juu ya benchi. Tulicheka sana siku ile. Jirani yangu aliinua kuti langu akawaonyesha wenzake.

"Tazameni la bibi. Yetu yote yameelekea Mombasa, la kwake laenda Lamu."

"Liache liende," nikamwambia. "Litafika kabla yako."

Hakuna aliyeuliza kivuli kimesimama wapi. Kwetu ukiitwa kuezeka waenda, waezeka, wala huulizi nani atalala ndani, kwani kumuuliza mwenye nyumba hivyo ni kumvunjia heshima. Nami sikuuliza. Niliona lango liko mbali na ghala, nikadhani madawati yatahamishwa. Kosa langu ni hilo, na silipunguzi.

Wiki mbili baadaye mtoto akarudi na midomo mikavu.

"Leo hamkukaa kivulini?"

"Kivuli si chetu, bibi. Kinakaa magari."

Nilidhani ni maneno ya kitoto. Kesho yake nikaenda mwenyewe. Magari matatu, yamejipanga vizuri, moja limefunikwa turubai, kana kwamba kivuli hakikulitosha. Na kule ghalani watoto wamejifunika madaftari kichwani.

Mwalimu mkuu alinipokea kwa adabu, siwezi kumsingizia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kile kivuli ni cha nani?"

"Ni cha shule, mama."

"Watoto nao ni wa nani?"

Akatabasamu. Akanieleza kuwa gari likipigwa na jua la pwani rangi hubabuka, na walimu wanatoka mbali, lazima watunzwe. Watoto, akasema, wamezoea.

"Wangu hakuzoea. Wangu hulazwa."

"Basi mama, lete jambo hilo kwenye mkutano wa wazazi. Shule ni yenu."

Nikangoja mkutano. Ulifanyiwa wapi? Chini ya kivuli kile kile. Magari yalitolewa asubuhi, viti vikapangwa, tukakaa chini ya makuti yetu tukapepewa upepo. Mwenyekiti akatusifu akina mama kwa kujitolea. Tukapiga makofi, na mimi nikapiga. Kisha nikasimama, nikasema mambo machache: kwamba kivuli hiki tuliombwa kwa ajili ya shule, kwamba gredi ya pili wako juani wakati huu tunapozungumza, geuzeni shingo muwaone. Nikaomba madawati yaletwe hapa.

"Bibi," akasema mwenyekiti, "tunakuheshimu. Lakini wewe ni mlezi, si mzazi. Mzazi mwenyewe akipata nafasi aje aseme."

Watu wengine wakacheka kidogo. Nikawageukia akina mama.

"Walioezeka hapa wainue mikono."

Nikangoja. Wengine walitazama miguu yao, wengine wakawa wanafunga leso upya. Jirani yangu, yule aliyetania kuti langu, alinivuta nguo.

"Kaa chini, bibi. Wewe utasema uende zako, sisi watoto wetu wataonewa darasani."

"Na sasa hawaonewi?"

Akaniachia nguo. Mwenyekiti akaendelea na habari ya sare.

Asubuhi ya pili yake nikachukua kisu changu cha makuti. Magari yalikuwa hayajafika. Nikavuta benchi, nikapanda, nikaanza kukata kamba kwa chini na kuyachomoa, yale yanayolalia kushoto peke yake. Mlinzi akaja mbio.

"Bibi, unaiba mali ya shule."

"Sawa. Nionyeshe kuti nililogusa ambalo si langu."

Akatazama juu, akatazama chini kwenye lundo. Mtu wa Kaloleni yule, makuti anayajua. Aliona mshono.

"Haya bibi," akasema, "lakini mimi sikukuona."

Nilipata kumi na saba, matatu yalikatika. Kati ya ukuta wa ghala na miti miwili niliyochimbia mwenyewe yalitosha dawati moja. Mwalimu wa darasa, msichana mdogo, alinitazama muda wote. Nilipomaliza alimhamisha mjukuu wangu akamkalisha hapo, pamoja na wenzake wawili. Wengine wakaanza kusukumana. Akawachapa.

Nilidhani sasa akina mama watakuja kuchukua yao. Kila mmoja anaijua kazi ya mkono wake. Wangekuja kumi tu, ukuta mzima ungefunikwa. Nilikaa siku hiyo nyumbani nikitazama njia kama mtu anayengoja wageni.

Walikuja, lakini waliitwa. Mwalimu mkuu alitoa barua kwa watoto, mjukuu wangu akanisomea: upenu wa kivuli umeharibiwa, kila mzazi alete makuti matano. Nikamwambia anisomee tena. Akasoma tena, yakawa yale yale. Barua ile iko chini ya godoro langu.

Ijumaa nilipita barabarani nikawaona wamepanda mabenchi wanaziba pengo langu. Jirani yangu alikuwa juu, ana kamba mdomoni. Alinipungia mkono.

Upenu sasa umekaa sawa, mishono yote imelalia kulia. Mjukuu wangu muhula huu hajalazwa. Anakaa kivulini, na nyuma yake wamekaa watoto hamsini na kitu, jua la saa nne likiwachoma visogo, na mama zao nakutana nao sokoni kila siku.

"Hujambo bibi? Mtoto hajambo?"

"Hajambo," nawajibu. "Wenu je?"

"Wazima," wananiambia, na tunachagua nyanya.