Mikono Iliyomzuia Bartli

Kaka yangu Bartli aliuza melimeli, kitambaa chepesi cha pamba. Sisi wanawake wa Trogen, huku milimani, tulidarizi, yeye akaipeleka bandari ya Livorno, Italia, na huko akaoa. Mkewe, Chiarina, alikuwa na kifua kibovu. Alijaribu baridi yetu msimu mmoja tu, akakohoa damu, akarudi kwao pwani.

Mwishowe Bartli akaamua kuhamia kwake, awe anakuja huku kuchukua mzigo tu. Ila alitaka kwanza kuwaaga watu kwenye mkutano wa Aprili, ambapo wanaume wa jimbo huchagua viongozi kwa kuinua mikono.

"Usiende," nikamwambia. "Wakikuona watakuchagua."

"Mimi muuza vitambaa, dada. Niwapimie sheria kwa dhiraa?"

Akajifunga upanga, kama kila mwanamume aendaye kupiga kura, akatoka akicheka. Mimi nikabaki dirishani, kwani uwanja ule haukuwa wa wanawake.

Mwaka wa njaa aliwahi kuleta nafaka kutoka Italia, na watu hawakusahau. Mhunzi Tanner akapaza sauti: "Mkuu wa jimbo awe Bartli wetu! Wataliano anawaweza, sisi tutamshinda?" Watu wakacheka, mikono ikainuka uwanja mzima.

Kwetu aliyechaguliwa hakatai. Akikataa, anafungasha na kulihama jimbo, asirudi tena. Na melimeli yote ilikuwa kwetu. Angemlisha Chiarina nini?

Alirudi akaweka upanga mezani. "Wananipenda, Ursula."

"Wanakupenda vibaya," nikamjibu. Nilikuwa na hasira hata supu ikaungua.

"Ni mwaka mmoja tu wa kukaa huku. Aprili ijayo nitaomba waniachie."

Mwaka ule aliamua kesi za madaraja na malisho. Akiingia kanisani watu walisimama, na hakuna aliyemtania tena. Hata Tanner alimvulia kofia, akampisha njia. Nyumbani alikula akitazama ukuta. Nilimwonea huruma.

Februari, theluji ikiwa imefunga njia, mchukuzi mmoja alifika kwa shida kutoka ng'ambo ya milima, akileta habari. Chiarina alikuwa amekwisha kuzikwa.

Aprili nilisimama tena dirishani. Nilimwona akipanda jukwaani, nikangoja aombe. Hakuomba. Mikono ikainuka, mingi kuliko ya mwaka jana, na watu wakashangilia.

Aliporudi nilimpokea mlangoni. "Bartli, mbona hukuomba wakuachie?"

Akakaa kitini, upanga bado kiunoni.

"Niende kwa nani, Ursula?"