Nilikula Samaki wa Kopo kwa Mama Mkwe

Wasomaji, nitukaneni tu. Mkichoka nitawaongezea yale ninayojitukana mwenyewe kila asubuhi. Mimi ndiye niliyemfanya mama wa mume wangu aitwe mchawi kijijini kwake. Neno lenyewe sikulitamka. Nilikataa chakula chake, nikaulizwa sababu, nikanyamaza.

Jina langu halitawasaidia kitu. Mimi ni Mmatengo wa Maguu, nimeolewa na Mnyasa wa kule ziwani, fundi wa mashine za kukoboa kahawa. Tunaishi Mbinga mjini na nina cherehani yangu barazani. Haya ni mambo ya miaka ile soko huria limekolea, simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia, mtu anapanda kilimani kutafuta mtandao. Maduka yalijaa vitu ghafla, na mji ukajaa wageni wenye mabegi. Huyu anauza sufuria, huyu anauza dawa ya meno, huyu anauza baraka.

Mmoja wao alikuja na habari ya damu.

Wakati huo nilikuwa nasumbuliwa na tumbo. Lilijaa gesi, linaunguruma mbele za wateja, na gauni nililojishonea mwenyewe halikufunga tena. Sasa fundi ambaye nguo yake inamshinda, nani atampa kitambaa? Nikaenda.

Jamaa alikodi ukumbi wa nyumba ya wageni. Koti jeupe, miwani, maneno mengi. Akatuchoma vidole mmoja mmoja, akadondosha damu kwenye kioo, akakielekeza dirishani, akasema, "O." Mimi O. Jirani yangu O. Hata mama aliyekuwa anafagia ukumbi akachomwa, naye O.

"Watu wa milimani ni damu moja!" akasema. Tukapiga makofi. Makofi, jamani! Watu wazima, na akili zetu.

Akatugawia karatasi za fotokopi, kila mtu yake, zote sawa. Marufuku mahindi. Marufuku ngano, maharage, muhogo, kahawa. Hebu niambieni, Mmatengo ukimnyang'anya mahindi, maharage na kahawa, umembakizia nini? Kilichoruhusiwa ni nyama, maini, majani, na samaki wa majina ya ajabu ambao sijui wanaishi bahari gani. Niliyemtambua ni mmoja tu, sadini, yule wa kwenye kopo.

Nikanyoosha mkono. "Mtaalamu, na samaki wa ziwani je, mbasa na usipa?"

Akapitisha kidole kwenye karatasi, hakuwaona. "Kisichoandikwa usikile," akanijibu.

Ptu! Aliyeandika ile karatasi hajawahi hata kusikia kwamba kuna Ziwa Nyasa. Mimi ziwa nalijua, nimeolewa huko, nimekula samaki wake mpaka nikalamba vidole. Lakini nikaitii karatasi.

Nyumbani nikaanza vituko. Asubuhi maji ya kabichi iliyochemshwa. Mchana maini bila ugali. Kinywa kilininuka mpaka mume wangu akawa analala ameelekea ukutani. "Mke wangu," akaniuliza siku moja, "huyo mtaalamu mwenyewe anakula hivi, au anakula pilau?" Nikamwita mshamba. Nikapungua, ndiyo, nani asiyepungua akinyimwa ugali? Gauni likafunga, na kiburi kikaniingia hapo.

Msimu wa kahawa ukafika, mume wangu akawa anashinda kwenye mashine za watu. Akaniambia nimpeleke binti yetu wa miaka mitatu akakae na bibi yake ziwani, mwezi mmoja. Nikaenda dukani, nikanunua boksi zima la samaki wa kopo.

Utingo wa Landrova alipolipandisha akaangua kicheko. "Mama, unapeleka samaki ziwani? Si bora ungebeba maji!" Abiria wote wakacheka. Nilinuna mpaka tumemaliza kuteremka milima.

Sasa mama mkwe. Alikuwa mjane, mwembamba, msafi wa kupindukia. Aliishi kwa kuuza uji na vitumbua pale ufukweni mitumbwi inapofikia asubuhi. Wavuvi wakitoka majini na baridi yao, kwanza wanapita kwa mama. Sufuria yake kubwa ilikuwa inarudi nyumbani tupu kila siku.

Siku ile alitupikia mbasa mzima na ugali wa muhogo. Akaninawisha mikono yeye mwenyewe, mimi mkamwana wake.

"Shikamoo mama, ahsante, lakini mimi sili," nikasema. "Daktari amenikataza."

"Marahaba. Amekukataza samaki?"

"Samaki wa huku."

Nikatoa kopo, nikalitoboa kwa kisu, nikala pale pale uani, mbele yake, na mchuzi mwekundu unanichuruzika kwenye kiganja. Na mtoto nikamlisha hicho hicho. Nilijiambia damu yake si ndiyo yangu? Mtoto analia anautaka ugali wa bibi, mimi namzuia mkono. Ule mkono mdogo nauona mpaka leo.

Ikawa hivyo kila siku. Huko watu wanakulia uani, na wapita njia wanaona. Makopo matupu nikawa nayatupa jalalani, yanang'aa juani, kila jirani anayahesabu.

Siku ya tano mama mkwe akanijia jikoni, akakaa chini kabisa. "Mwanangu, nakuomba. Onja hata tonge moja, hapo nje, watu wakuone. Mkamwana asipokula kwa mkwewe, huku kwetu watu wanajua maana yake."

Mnasikia? Aliniambia! Sikufichwa kitu. Na kwetu Maguu ni vile vile, nilijua tangu nikiwa mtoto kwamba chakula cha mtu hukikatai hivi hivi, maana ni kusema umemwogopa mkono wake.

Nikamjibu, "Mama, hayo mambo ya kizamani mimi siyawezi. Nitaharibu damu yangu kwa sababu ya majirani?"

Akanyanyuka taratibu, akajifuta mikono kwenye khanga. Hakunibembeleza tena.

Kesho yake nilikuwa nafua ziwani, akaja jirani mmoja, nitamwita Mama Anjelina. Mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na mjukuu kwa homa, na bado alikuwa na kilio usoni. Mtoto yule alikuwa anapenda sana uji wa mama mkwe wangu.

"Mkamwana," akaninong'oneza, "kwa nini huli kwa mama yako? Na mtoto humruhusu? Wewe ni mtu wa mjini, umesoma. Umegundua nini?"

Jamani, hapo ndipo. Neno moja lingetosha. Ningesema, mama, ni karatasi tu, kuna jamaa kanichoma kidole Mbinga. Lakini niliona aibu kuchekwa tena kama kwenye Landrova. Na niseme kweli yote, nilipenda alivyoniangalia, kama mtu anayejua jambo. Nikabetua mabega, nikaendelea kufua.

"Basi nimeelewa," akasema. Akaondoka anafuta machozi, na mimi nikamwacha aende.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja mama mkwe alirudi na sufuria ya uji imejaa, ina utando juu. Kesho yake hivyo hivyo. Akawa anawamwagia kuku. Hakuniuliza neno, wala mimi sikumwambia. Mwezi haujaisha, nikambeba mtoto, nikapanda Landrova nikarudi Mbinga na kiuno changu chembamba.

Habari zikanifuata. Kina mama wa jumuiya walihamisha sala isifanyike kwake. Watoto wakipita wanazunguka mbali na ua wake. Mume wangu alisimuliwa na dereva wa Landrova, akaja moja kwa moja barazani kwangu, mikono ina grisi.

"Uliulizwa?"

"Niliulizwa."

"Ukajibu nini?"

"Sikujibu."

Akanitazama kama mtu aliyekanyaga kitu kibaya. Miezi miwili hakula chakula nilichopika. Alikuwa anakula kwa mama lishe, na majirani wakaanza kuniuliza mimi sasa, kulikoni. Nikaonja kidogo kile nilichompikia mama mkwe.

Kuhusu damu yenyewe, loo! Dada yangu alijifungua kwa shida, tukaitwa hospitali kumtolea damu. Nikajitapa kwa yule aliyetupima, "Usihangaike, mimi ni O." Akapima, akarudi. "Mama, wewe ni B."

Nikamwambia arudie. Akarudia. B. Ile karatasi haikuwa hata yangu! Yule mwizi alikuwa na fotokopi za O tu kwenye begi, na mji mzima akatufanya O. Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya watu. Maini yote yale, kabichi yote ile, na mama wa watu!

Nikaenda ziwani peke yangu, bila boksi. Nilifika Jumamosi, na Jumapili baada ya misa nikaomba nafasi, nikasimama mbele ya watu wote. Nikaeleza kidole, kioo, karatasi, makopo. Nikasema mama yangu hana kosa, mjinga ni mimi. Nililia mbele za watu bila haya.

Hakuna aliyelia na mimi. Nilipopita katikati yao nikamsikia Mama Anjelina, wala hakujisumbua kunong'ona. "Mkwewe ameshamlisha dawa huyo. Si mnamwona anavyoongea?"

Hapo nikajua kwamba neno langu limechelewa. Lingeponya siku ile ya kufua, jambo likiwa bado dogo. Sasa limekuwa ushahidi mwingine.

Nilimkuta mama mkwe uani. Sufuria kubwa ya uji ilikuwa imefunikwa chini kifudifudi, juu yake kuku kalala. Mekoni palikuwa na kisufuria cha mtu mmoja.

"Mama, nimekuja kula," nikamwambia. "Nipikie chochote. Ugali mtupu nitakula."

Akachukua khanga yake, akatoka. Nikadhani kaenda kununua samaki, nikaanza kuwasha moto kwa furaha. Alirudi baada ya muda, akafungua pindo la khanga, akaweka mbele yangu kopo la sadini. Na kisu pembeni.

"Kula mwanangu," akasema. "Hiki hakina mkono wangu."

Nikamshika miguu. Nikamwomba, mama nisamehe, nipikie.

"Nimekusamehe siku nyingi," akasema. "Lakini kupika sitakupikia. Safari ni ndefu. Ukipata hata homa njiani, watasema nini?"

Alikaa pembeni akanisubiri. Nikalitoboa lile kopo. Nikala, machozi yanaingia kwenye mchuzi. Nilimaliza lote, kwa sababu alikuwa ananiangalia.

Ndugu zangu, wenye mabegi bado wanapita, na karatasi zao siku hizi ni za rangi. Mkitaka kuzifuata, zifuateni nyumbani kwenu, kwenye sufuria zenu. Lakini ukifika kwa mtu, akakunawisha mikono, onja. Hata kama hutaki, hata tonge moja. Na ukiulizwa kwa nini huli, sema sababu hapo hapo. Mimi leo ninakula kila kitu, mahindi, muhogo, mbasa, na tumbo halinisumbui. Ila chakula cha mkono wa mama yule sijakipata tena.